Gemu ya Milembe na Magunia Arobaini na Moja

Kijiwe chetu kiko mkabala na geti la kiwanda cha kuchambua pamba, hapa Bariadi. Benchi ni moja, refu, lina mguu mmoja wa tofali. Mimi nimeweka cherehani yangu pembeni yake, na mke wangu anasema kushona ndiyo kazi yangu ya ziada, ya kwanza ni kusikiliza. Siku ninayoisimulia ilikuwa ya Septemba, msimu wa tatu tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba, na ilikuwa siku ya mwisho. Mizani ya getini inafungwa saa kumi jioni, kesho yake karani anarudi Mwanza, basi. Saa ilikuwa nane na nusu. Januarius, mkulima wa Dutwa tunayemwita Kiapo kwa kuwa hata maji ya kunywa anayaomba kwa kuapa, alikaa ncha ya benchi na koti lake kubwa, kikombe mkononi. Magunia yake kumi na moja, jasho la mwaka mzima, yalikuwa bado Dutwa yakisubiri lori moja pamoja na thelathini ya majirani. Kwenye foleni ya kupakiwa, yake ndiyo yalikuwa ya mwisho.

Hilali, muuza kahawa wetu, ndiyo kwanza amemimina raundi ya pili, akatokea Sayi, muuza samaki wakavu, baiskeli vumbi tupu.

Sayi: Mwadila, wazee.

Sote: Mwadila.

Sayi: Ngosha Kiapo, natoka kwenu. Wapakizi wamelitazama lori, wakayatazama magunia, wakacheka. Wanasema hapo ni safari mbili. Wakaondoka zao.

Kiapo: Safari mbili! Ya pili itakuta geti limefungwa! Sasa nani anapakia?

Sayi: Mkeo.

Kiapo: Milembe?

Sayi: Kavua kandambili, kapanda juu, anaamuru wanaume wanne. “Hilo nene lisubiri! Nipe refu! Hilo la kona ligeuze, lilale chali!” Nimewaacha hapo.

Kiapo aliweka kikombe chini, akashika kichwa kwa mikono miwili. Nilimwonea huruma, kwa kweli. Mtu amelima, amepalilia, amepiga dawa, halafu roho yake yote imebaki kwenye lori.

Kiapo: Naapa kwa kaburi la babu, yule mwanamke hajawahi kupakia hata mkokoteni. Amejifunzia wapi?

Mustapha mwenye duka la redio, ambaye tunamwita Mkurugenzi kwa ajili ya tai yake, alikohoa kidogo.

Mkurugenzi: Dukani kwangu.

Kiapo: Unasemaje?

Mkurugenzi: Ile gemu niliyomuuzia mwaka jana. Ile ndogo ya mkononi, vitofali vinashuka kimoja kimoja, vina maumbo yake, wewe unavigeuza haraka vikae bila kuacha tundu. Sasa gunia na kitofali vina tofauti gani?

Kiapo: Mchezo wa watoto ule! Aliniunguzia ugali mara mbili kwa ajili yake! Ndiyo maana niliichukua, nikaifungia sandukuni, sanduku nikalisukuma chini ya kitanda. Miezi minne sasa.

Hilali: Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kiapo: Ina maana gani hapo?

Hilali: Sijui. Nimeona tu juzi unalalamika mgongo.

Dastan, tunayemwita Daktari kwa sababu alifagia wodi miaka sita, alivuta benchi mbele. Akivuta benchi, jua elimu inakuja.

Daktari: Gemu ni dawa, nyie hamjui. Ndani ya kichwa kuna mishipa. Mishipa isiyofanya kazi inalala, kama bomba la kata. Ukicheza gemu maji yanapita. Mimi wodini nimeona mzee aliyepooza vidole, mjukuu akampa gemu, baada ya mwezi anachambua mchele.

Mkurugenzi: Acha kutupiga kamba, wewe ulikuwa unafagia.

Daktari: Anayefagia ndiye anayeona mpaka chini ya vitanda. Asiyejua maana haambiwi maana.

Mkurugenzi: Mimi naenda mbali zaidi. Ushirika wetu ulianguka kwa nini? Viongozi hawakucheza gemu. Gemu inakufundisha kuangalia kinachokuja. Juu pembeni kuna kidirisha, kinakuonyesha kitofali kijacho. Wao waliangalia kilichopo tu. Soko huria likashuka puu, wao wamejaza mpaka juu!

Daktari: Kweli hiyo! Mbunge asiyefika spidi ya saba ya gemu asiapishwe.

Hilali: Na refa wa mpira.

Daktari: Na bwana harusi! Badala ya ng'ombe thelathini, baba mkwe atoe gemu: haya kijana, cheza tuone akili. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako!

Hata mimi nilicheka mpaka uzi ukakatika. Kiapo peke yake hakucheka. Alisimama, akaitazama barabara ya Dutwa, akaketi. Akasimama tena.

Kiapo: Sikilizeni. Naapa mbele yenu. Magunia yote arobaini na moja yakifika kwa safari moja, gemu yake namrudishia hapahapa, hadharani, na sitaiita tena mchezo wa watoto.

Mkurugenzi: Tumesikia. Na fundi kasikia.

Daktari alikuwa amekunja uso. Alikuwa anafikiri, na hilo halijawahi kutuletea heri.

Daktari: Ila Mkurugenzi, hebu tukumbushe. Kwenye gemu, safu ikikamilika bila tundu, inakuwaje?

Mkurugenzi: Inafutika.

Hilali akaacha kumimina.

Daktari: Inafutika yote?

Mkurugenzi: Yote. Ndiyo ushindi wenyewe.

Daktari: Kwa hiyo kama mama amezoea hivyo, na amepanga safu kamili, akakanyaga...

Kiapo: Pamba yangu ifutike njiani? Wewe una akili?

Daktari: Sisemi inafutika. Nasema mazoea yana taabu.

Tungemcheka Daktari, lakini wakati huohuo honi ililia. Lori lilikuwa linakata kona. Sote tukainuka, na Mungu anisamehe, hata mimi nilianza kuamini. Lori la pamba tunalijua hapa. Linakuja limevimba juu, limeinamia upande mmoja, kamba zinalia, vijana wamening'inia. Hili lilikuja fupi. Mzigo ulipita kidogo tu juu ya bodi, umenyooka kama kitanda kilichotandikwa, na juu yake amekaa mwanamke mmoja ametulia.

Kiapo: Yako wapi mengine?

Akanyoosha shingo.

Kiapo: Wameyaacha! Yangu ndiyo yameachwa! Uwi, jamani, watoto wangu!

Daktari: Yamefutika...

Kiapo alimkunja shati. Hilali ikabidi atue birika aamue ugomvi. Lori likaingia getini, mlango wa nyuma ukashushwa, na tukakimbia kuona. Mzee mzima nimeruka mtaro.

Tuliona ukuta wa magunia. Manene yamelala chini, marefu yamekatiza juu yake, yaliyolegea yamesindiliwa kwenye kona, na hata tundu la kuingiza mkono halikuwepo. Vijana wakaanza kushusha, sisi tukahesabu kwa sauti, na makuli wa kiwanda wakaacha kazi wakaja kuhesabu nasi. Kumi. Ishirini. Thelathini! Kiapo alikuwa anageuza kila gunia akitafuta alama yake. Lilipotoka la thelathini na moja, lenye alama yake ya rangi nyekundu, alilikumbatia; kumbe mama hakufuata foleni, amepanga kwa umbo.

Arobaini na moja. Na pale mwisho kabisa, nyuma ya kichwa cha lori, palikuwa na nafasi, na kwenye nafasi hiyo amekaa Mzee Novatus, jirani yao, anayekwenda kliniki ya macho, pamoja na kuku wake wawili.

Karani alitazama saa. Tisa na dakika ishirini. Alisema miaka yote ya mizani hajaona upakizi wa namna hiyo, akamwomba mama msimu ujao asimamie upakiaji wa malori yake yote ya Dutwa. Mbele ya wanaume wote wale! Makuli walipiga miluzi, Mkurugenzi akavua tai akaipeperusha kama bendera, na mimi sioni aibu kusema machozi yalinilenga.

Kiapo: Mayu Milembe, miezi minne sanduku limefungwa. Umefanyaje?

Milembe: Ulifunga gemu, hukufunga kichwa. Kuni nilipanga, magunzi nilipanga, vyungu nilipanga. Nikifumba macho vinashuka tu.

Mkurugenzi: Kiapo! Deni la ulimi!

Kiapo alisogea mbele. Akaingiza mkono ndani ya koti lake kubwa, akaitoa gemu, akamkabidhi mkewe kwa mikono miwili.

Kiapo: Si mchezo wa watoto. Naapa.

Tukashangilia upya. Milembe aliigeuza gemu, akaipangusa kwa kanga, akabonyeza. Ikaimba wimbo wake, vitofali vikaanza kushuka.

Akaigeuza tena, akagusa kifuniko cha betri.

Milembe: Baba Flora, siku unaichukua, betri zilikuwa zimekufa. Hizi kaweka nani?

Mkurugenzi, muuza betri, akaona kitu angani. Daktari akafunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Hilali akainamisha birika, likatoa masimbi ya kahawa tu. Kiapo alijishika mgongo.

Milembe: Umefika spidi ya ngapi?

Kiapo: Ya nne.

Milembe: Mimi niliishia ya tisa. Panda lori. Njiani nikufundishe kulisubiri lile tofali refu.