Joséphine Apewe Jina Gani?

Benchi la Amuri, pembeni ya gare, yaani stesheni ya treni, ya Kindu, lina mguu mmoja mbovu na wakaaji wabishi. Amuri anauza kawa, kahawa ya tangawizi, na nadhani tangawizi hiyo ndiyo inawasha watu ndimi mpaka wanasema wasiyoyajua. Siku ile ya posho, yaani Jumamosi, ilikuwa zamu ya kumbishia Okito, karani wa reli, waliyemwita Bic kwa sababu kalamu haikumtoka mfukoni. Bic alikuwa amefiwa na mke wake, Joséphine, na badala ya kulia kama watu, akaandika. Hadithi ya mwanamke anayempelekea mume chakula gare kila mchana, mpaka homa inamlaza, anakufa. Saa kumi angeisoma mbele ya watu katika sale, ukumbi wa mtaa wa Mikelenge, ili jina la mke wake lisikike tena mjini, hata mara moja. Kumbe mwaka ule majina ya kizungu yamekatazwa! Na aliyekuja kumkumbusha ni Tshibangu wa chama, jina la utani Directive, yaani Agizo. Huyo huyo ambaye juzi juzi alikuwa Félicien, na ukiliita ghafla bado anageuka.

— Citoyen Bic, ndugu mwananchi, Joséphine atoke. Weka jina ya babu zetu.

— Directive, ni hadithi tu. Iko ndani ya karatasi.

— Karatasi nayo iko ndani ya Zaïre.

Mukuna, dereva wa treni, ambaye benchi lilimwita Firimbi, akajisogeza.

— Mambo rahisi hii! Muite Kabedi. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Hiyo inaingia wapi? Amuri akauliza.

— Inaingia tu. Mimina kawa.

Okito akakata Joséphine, akaandika Kabedi. Alijiona kama amemtoa mke wake nyumbani na kumfungia mlango. Hata wino haujakauka, Amuri akaweka birika chini kwa kishindo.

— Bic, unataka kuua mutu? Kabedi, bibi ya fundi viatu, si iko muzima? Ukisoma mbele ya watu “Kabedi akakufa”, somo yake anasikia. Kesho homa iko kwake!

— Bongo hiyo, uongo mutupu, akasema Firimbi.

— Bongo gani? Jina ya babu zetu iko na mwenyewe. Mimi nilipewa ya babu yangu, na mutu akiitukana, babu njo anatukanwa. Nenda ukamwambie fundi viatu kama ni bongo, yeye na nyundo yake.

Okito akalikata Kabedi haraka. Sasa karatasi ilikuwa na matope matupu.

— Basi muite Pangi, akasema Firimbi. Ni mahali. Mahali haishikwi na homa.

— Na watu wa Pangi wakija kuuliza nani ametangaza matanga kwao? Amuri akauliza.

— Wacha waje. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Eh, weye nyamaza!

Directive akainua kidole. Uso wake uling'aa, na hapo ndipo walipaswa kumzuia.

— Nimepata. Muite Mama Zaïre.

Benchi likafikiri. Firimbi akainama, akanong'ona:

— Halafu Mama Zaïre... anakufa?

Directive akatazama nyuma, akatazama kulia, akalitazama hata birika.

— Sikusema.

— Umesema! Sisi wote tumesikia.

— Nilisema asikufe! Ndiyo. Apone. Aamke kitandani, aende kucheza animasyo, zile ngoma za kusifu chama. Bic, andika hivyo.

— Na chakula ya bwana yake? Amuri akauliza. Na kifo ya hadithi, inaenda kwa nani?

— Treni njo ikufe, kwa nafasi yake, akasema Directive.

— Treni ya nani? Firimbi akaruka. Yangu? Treni haikufi, inachelewa!

— Lakini alikufa, akasema Okito. Mi nilikuwa pale. Nilimushika mukono.

Akaona haya. Pale mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja, Mwanvua, mgeni kutoka Tunda, na bidoni yake ya mafuta ya mawese.

— Samahani, baba zangu. Mi sijue mambo ya kuandika. Huyu marehemu, jina yake inabadilishwa?

— Ni amri, mama, akasema Directive.

— Nasikia. Sasa nani ameenda kumwambia yeye mwenyewe?

Firimbi alitafuta methali, akakosa. Amuri alitikisa birika, kumbe tupu. Directive akatengeneza kola ya abakosti yake, koti la chama lisilovaliwa na tai.

— Bic, akasema hatimaye, chini chini. Unasoma saa ngapi?

— Saa kumi.

— Mi nitachelewa.

Akainuka, akaondoka bila kuaga. Okito hakujua kama hiyo ni ruhusa ama ni mtego, na hakuna aliyeweza kumwambia. Akaishika kalamu hata hivyo. Juu ya matope yale akaandika Joséphine, kisha, kwa mara ya kwanza tangu matanga, akaliita kwa sauti, kama mtu aliyerudi kutoka kazini na yuko mlangoni kwake.

Mwanvua peke yake ndiye aliyeitikia, kwa niaba ya marehemu:

— Abee.