Mkono wa Kushoto wa Bi Bräuning

Aliyeniambia kwanza ni Dembo Povu: hapa Ujerumani, mwomba hifadhi aliyekataliwa, akipata fundi wa kumfundisha kazi, hafukuzwi. Akihitimu baada ya miaka mitatu, anapewa ukaazi. Ndiyo maana nilifanya wiki ya majaribio kwa Bi Bräuning, muoka mikate. Jumamosi akaniaga. Jumapili alasiri nilikaa na mwanangu mgongoni kwenye benchi la mbele ya hosteli yetu, karibu na mto Neckar, ambapo Dembo humimina ataya, chai ya kwetu Gambia inayonywewa kwa glasi tatu, kutoka juu mpaka povu lijae glasi. Nilikuwa nimeinamisha macho, kama kawaida yangu. Isatou, tunayemwita Redio kwa maneno yake mengi, hakuniacha.

— Nyima, mbona umenuna? Mkataba vipi?

— Hakusema kitu. Alinipa mkono tu. Wa kushoto.

Dembo akasimamisha birika hewani.

— Wa kushoto? Mdogo wangu, huo tunampa mtu wa safari ndefu!

— Tunampa ili arudi, akasema Isatou. Ni kosa la makusudi, mpaka mkutane tena mlirekebishe kwa wa kulia. Mama yangu alinipa wa kushoto siku naondoka Brikama.

— Na umerudi? akauliza Dembo.

Isatou akanywa chai yake.

Kebba tunamwita Wakili, kwa kuwa amekataliwa mara nyingi kutushinda sote; yeye na Dembo ni watani wa ukoo.

— Mimi nawaambia, huyo mama amemuaga. Polisi wamempigia simu. Ndege ipo tayari.

— Wakili gani wewe, hata kesi yako mwenyewe hujawahi kushinda!

— Nyie akina Touray mnafikiri kwa tumbo, Dembo. Jiulize, desturi yetu kaijulia wapi? Ana mume Mgambia, kamficha!

— Mume wapi! Huyo kazaliwa kwetu. Wazazi wake walikuja kuota jua, wakamsahau ufukweni, akalelewa na Wamandinka. Brezeli zake, ile mikate ya kusokotwa, zina chumvi kama wali wa shangazi yangu!

— Basi ni ndugu yako. Kamwombe huo mkataba.

Tukacheka, hata mimi. Awa, aliyehamia hosteli wiki hiyo, alikuwa anapita na beseni la nguo mbichi.

— Samahani, kaka zangu. Kwani mkono wa kulia ulikuwa na nini?

Wote wakanigeukia. Sikujua. Yule ni mtu mzima, nami niliinamisha macho kama nilivyolelewa. Nilichokiona ni viatu vyake.

Dembo akatikisa birika. Hata glasi ya tatu, ile tamu, ilikuwa imeshakwisha.

Asubuhi nilimwachia Isatou mtoto, nikaenda kubisha mlango wa nyuma. Bi Bräuning alifungua, akanipa mkono wa kushoto. Safari hii niliinua macho. Wa kulia ulikuwa umejaa unga uliokandwa, mpaka kwenye kiwiko.

Nikamwuliza, kwa sauti niliyodhani hataisikia, kama atanifundisha kazi.

— Sasa ulidhani Jumamosi nilikuwa nakufukuza? Ingia. Nawa mikono. Mikate ikitoka tutatia saini mkataba.

Nikanawa yote miwili.