Kikohozi Kilichomo Katika Santuri ya "Senta"

Ndugu waombolezaji, marehemu alipenda nyimbo ndefu na hotuba fupi, nasi tutajitahidi kumheshimu kwa hilo la pili.

Mzee Lameck Kapasa Mwelwa alizaliwa tarehe 11 Machi 1949, Luwingu, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, na Mei 1967 akaajiriwa kwenye tanuru la kuyeyushia shaba hapa Chambwe, akiishi upande huu ambao upepo hutuletea senta, moshi wa tanuru unaokaba koo na kukausha hata mboga bustanini.

Mwaka 1971 yeye na wenzake watatu wa zamu waliunda bendi ya Inkuba, yaani radi, yeye akipiga gitaa lililonguruma kama tanuru lenyewe, na tarehe 9 Februari 1974, mjini Kitwe, wakarekodi santuri ya "Senta", iliyofungua njia kwa bendi nyingi za Ukanda wa Shaba. Katikati ya wimbo wa pili marehemu alibanwa na kikohozi, akaomba warudie, lakini mpiga ngoma, Mzee Zakeyo Jere, Mngoni na mtani wetu, ambaye leo desturi inamruhusu kututukana hapa kaburini na hajaipoteza nafasi hiyo, alikataa katakata. "Mla nyani huyu amekohoa ndani ya mdundo," alisema, kwa tusi lile lile la utani ambalo Wangoni hutuita. "Msiguse."

Alifunga ndoa na Bi. Astridah Nakamba tarehe 30 Agosti 1975, wakajaliwa watoto wanne, akaacha kazi ya tanuru mwaka 1988, kikohozi kisimwache yeye. Wageni wa ng'ambo walipoichapisha upya santuri, walikisifu kikohozi kile kuwa ubunifu wa hali ya juu, naye akachoka kueleza.

Alilotaka ni jambo moja tu, mtu mwenye mamlaka aseme kwamba moshi ndio uliomuumiza. Bodi ya madaktari inayoamua magonjwa ya kazini ilidai ushahidi kwamba aliugua akiwa bado kazini, na kwa kuwa faili lake la zahanati lilikwisha kuliwa na mchwa, tarehe 6 Juni 2011 aliwapelekea santuri, Mzee Jere akabeba gramafoni, wajumbe wakasikiliza hadi mwisho, mmoja akigongesha kiatu, kisha mwenyekiti akatamka, "Mzee, tumeridhika. Wewe ni msanii." Kikohozi kikahesabiwa kuwa ala ya muziki. Njia nzima ya kurudi wawili hao hawakutaniana.

Tarehe 14 Julai 2016 alilazwa hospitali ya wilaya, ambako Dakta Mutinta Hamoonga, asiyewahi kuisikia Inkuba, alimsikiliza kifua, akasema, "Baba, huu ni moshi." Marehemu alimwomba arudie. Aliporudia, marehemu akaagiza Mzee Jere apigiwe simu na kuelezwa, naye Mzee Jere akajibu kwamba kama ni hivyo, sasa yuko tayari kuurekodi upya ule wimbo. Marehemu alicheka, akakohoa, akalala, na alfajiri ya tarehe 16 akatutoka.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa. Tunamshukuru Dakta Hamoonga na wauguzi, majirani waliosonga nshima, ugali wetu, siku zote za msiba, wenzake wa tanuru wachache waliobaki, na bodi pia, kwa kusikiliza hadi mwisho.

Pumzika kwa amani, Mzee Mwelwa, na sasa upumue.