Alionzi, Baharia wa Shimo la Changarawe

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, ukoo huu umejaa walimu na makarani, lakini kuandika maisha ya Alionzi mmenitupia mimi nyanya yake, ati wengine wote wanalia, basi sikilizeni vile mjukuu wangu Shakira anawasomea, na mtu asinisahihishe.

Marehemu Alionzi alizaliwa hapa Pajulu tarehe 14 Mei 1996, mtoto wa mwanangu Onzima na Celestina wa Koboko, akasoma shule ya msingi hapahapa, akamaliza sekondari mwaka 2014 bila matokeo ya kujivunia, akajifunza kuchomelea vyuma mjini Arua, na milango mingi mnayofunga usiku ni kazi ya mkono wake. Mwaka 2020 alimwoa Margarita, tarehe 3 Machi 2022 wakampata Pasca, ambaye tangu jana anauliza baba atatoka lini ndani ya lile sanduku.

Ugonjwa hakuwa nao. Alikuwa na rafiki, huyu Constantino mtengeneza filamu, ambaye katika filamu yake ya kwanza mpiganaji wa kale alionekana amevaa saa mkononi, watu wa kibanda cha video wakacheka mpaka wakamwaga soda, wakambandika jina la Saa Ngapi. Kwa hiyo hii ya pili, ya watu wa kale waliovuka bahari kutafuta nchi mpya, aliapa kila kitu kitakuwa kama zamani. Alionzi akamchomelea meli ya mapipa na mabati, wakaipeleka Koboko kwenye shimo la changarawe lililoachwa na watengeneza barabara, likajaa maji ya mvua, na hiyo ndiyo ikawa bahari.

Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2024 Margarita alimletea mumewe jaketi la kuelea, Constantino akalikataa.

“Mama Pasca, watu wa zamani hawakuwa na plastiki, watanicheka tena.”

“Na bahari yao ilikuwa na vyura?”

Wakacheka wote, Alionzi pia, akavishwa aigize baharia, koti zito la sufu na buti za jeshi. Meli ikapinduka katikati, buti zikamvuta chini, na kamera iliendelea kupiga picha, maana wao walidhani anaigiza vizuri.

Tunamshukuru daktari wa Koboko aliyejaribu kumwokoa hata alipojua amekwisha kufa, vijana waliozamia kumtafuta, wachomeleaji wenzake waliotengeneza msalaba huu wa chuma, na majirani kwa kuni na maji.

Wajomba zake wa Koboko walikataa kaburi lichimbwe mpaka aliyemzamisha mtoto wa dada yao awape ng'ombe wao wa fidia, kama desturi inavyotaka. Constantino ameuza kamera, amenunua dume jekundu, liko pale nyuma ya jikoni, na picha zote za ile bahari amezifuta mbele yao. Jioni hii dume linakwenda Koboko, Alionzi anabaki. Wajomba wamesema imetosha. Margarita hakuulizwa.

Lala mahali pakavu, Alionzi.