OK ya Kathure

Kanyakine watu hulima kahawa halafu hunywa chai, na usiniulize kwa nini. Ila kwenye benchi la mbele ya kibanda cha Mutegi, fundi wa simu, Celina huleta kahawa ya rangi kila asubuhi, na mwenye neno lake hukaa hapo mpaka thermos iishe. Jumamosi hiyo wa kwanza kufika alikuwa Mutwiri, macho mekundu. Bintiye Kathure alikuwa hajakanyaga nyumbani miezi minane, tangu siku ile ya asali. Jana jioni baba mtu alijikaza akamwandikia: "Njoo Jumapili tule pamoja." Jibu likaja herufi mbili tu: OK. Mutwiri akaiweka simu juu ya goti, akaapa kwamba leo hatoki hapo kabla hajajua maana yake.

— Hii OK ni ya kuja, ama ni ya kumnyamazisha mzee? aliuliza.

Mwalimu Mbaabu, aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini na hajawahi kumwachia mtu neno la mwisho, alikohoa.

— Neno hulijui mpaka ujue lilizaliwa wapi. Hili lilianza Amerika. Watu wa gazeti walitaka kuandika "all correct", yaani yote sawa, wakakosea makusudi wakaandika "oll korrect" ili watu wacheke.

— Kwa hivyo ananicheka?

— La! Anasema yote sawa, lakini na makosa ndani. Mkono mtupu haulambwi.

— Sasa Mwalimu, hiyo methali imeingilia wapi?

— Itaingia tu. Ngoja.

Mutegi alitoa kichwa dirishani, bisibisi mkononi.

— Zii, wazee, mmepotea! Hiyo ni ya majeshi. Wakitoka vita walikuwa wanaandika sifuri na K ya "killed" kwa ubao. Maana yake leo hakuna mtu amekufa. Kathure anakushow vita imeisha, maiti hakuna.

— Mimi sikupigana na mtoto wangu.

Celina alimmiminia kahawa.

— Mimi sijui Amerika, alisema. Lakini daktari akikwambia uko okei, unaruka. Bibi yako akikwambia okei, unatafuta pa kulala. Na mteja nikimwambia kikombe kimepanda shilingi tano, anasema okei, halafu simwoni tena.

Maneno ya mteja yalimchoma Mutwiri. Akamgeukia Mwalimu kama mtu anayeomba kuokolewa, na hapo ndipo alipokosea.

— Nimekumbuka! Mwalimu alijipiga pajani. Amerika walituibia. Neno ni la hapa hapa Imenti. Zamani mzungu wa kukagua kahawa alikuwa anapiga magunia muhuri, O na K. Ondoa Kahawa! Gunia likipigwa muhuri huo, mkulima halioni tena.

— Yaani mtoto ameondoka?

— Kabisa. Na meli ishang'oa nanga.

— Wee Mwalimu! Celina alimkemea. Mwenzako anaumia.

Kweli alikuwa anaumia. Usiku kucha alikuwa amezisoma zile herufi mbili, na sasa kila mwenye mdomo alikuwa anamzidishia.

Pembeni alikuwa amekaa mama mmoja mgeni, Ciakuthii, aliyekuja kumtembelea dadake na sasa alikuwa anangoja Mutegi ambadilishie kioo cha simu.

— Baba, samahani, alisema. Mlikosana nini na huyo msichana?

Mutwiri alijikuna shingo.

— Kijana anaitwa Nthiga, wa huko chini Mbeere kwenye ukame. Alileta wajomba wake na mtungi wa asali, vile desturi inataka. Nikasema mtoto wangu haendi kukaushwa na jua. Sikuionja. Wakaondoka, wakauacha.

— Na hiyo asali iko wapi?

— Iko stoo.

— Umeifungua?

Mwalimu aliangalia viatu vyake. Kila mtu hapo alijua kwamba kuionja asali ya posa ndiko kukubali, na ikikaa bila kuonjwa, lile "hapana" bado linakaa nyumbani na wenyewe. Miezi minane Mutwiri amelala na hapana kwa stoo, halafu anamwita mtoto aje kula.

Mutwiri aliinuka.

— Msiondoke. Haionjwi bila mashahidi.

Kwake si mbali. Alirudi anatweta, mtungi begani, utando wa buibui shingoni mwake. Kifuniko kilikuwa kimekwama, Mutegi akakibandua kwa bisibisi. Mutwiri akachovya kidole mbele ya wote, akakilamba, akafumba macho. Ilikuwa asali nzuri, na hilo lilimwuma kuliko yote.

— Mkono mtupu haulambwi! Mwalimu alipaza sauti. Si niliwaambia itaingia?

Akasogeza kikombe chake, lakini Mutwiri alimpiga kofi mkononi.

— Hii ni ya kesho.

Halafu akapiga simu. Hakuandika tena.

— Kathure. Ni baba. Nimeionja.

Celina alisogea karibu na simu kusikiliza.

— Asali, mama, Mutwiri aliendelea. Ya kina Nthiga. Nimekosa mimi. Kesho njooni wawili.

Sauti ilipotoka ilikuwa imejaa machozi, na waliokaa benchi wote waliisikia.

— Okei, Baba.

Mutwiri aliirudisha simu mfukoni, akapangusa uso kwa kofia. Mwalimu Mbaabu akafungua mdomo.

— Mwalimu, alisema Mutwiri, kunywa kahawa.