Viti vya Kutazamana

Nje ya stesheni ya treni ya Wheaton, Marekani, kuna benchi ambalo kila Jumapili asubuhi hugeuka kijiwe. Kahawa ya tangawizi huletwa na Mama Mwatime, anayepitia hapo akienda kazini kwake, kumwogesha na kumlisha bibi mmoja mgonjwa. Jumapili hii alileta na habari: amepata likizo, anakwenda Ulaya. Mwanawe Azhar yuko Paris, bintiye Ummu yuko Amsterdam, na huu ni mwaka wa sita hawasemezani. Anataka kuwaona wakila sahani moja kabla hajafumba macho.

— Paris na Amsterdam ni pua na mdomo, Mama, — alisema Sheikhan, dereva wa teksi waliyembandika jina la Ramani. — Treni ya kasi, mwendo wa saa tatu na ushei.

— Saa tatu zimewashinda miaka sita, — alijibu Kiprotich, dereva wa basi. Kwa ubishi wake wanamwita Breki.

— Basi wakutane katikati, Brussels.

— Zii, buda, haiwezekani. Wa kwanza kumwona mwenzake anageuza na treni ya kurudi.

Ramani akaweka kikombe chini.

— Nimepata! Ummu aitwe Brussels kwa kisingizio chochote. Akipanda treni ya kurudi kwake, anawakuta Mama na Azhar ndani. Viti vya kutazamana, meza katikati, kilomita mia tatu kwa saa. Atakimbilia wapi?

— Chooni.

— Mama akae mlangoni pa choo!

— Hiyo sasa ni kuteka watu nyara, Ramani!

Walicheka. Mama Mwatime alicheka pia. Alikwisha kuiona akilini meza ile, na visheti vyake juu yake.

Edna, nesi aliyehamia mtaani wiki hiyo, aliinua macho kutoka kwenye kikombe chake.

— Samahani, Mama. Ukishuka huko, utafikia kwa nani?

Ramani na Breki wakamgeukia Mama.

Mama Mwatime aliwaambia kwamba wanawe waligombania nyumba ya marehemu baba yao, Tanga. Hakuwaambia kuwa siku ya ugomvi ule walidhani simu yake imekatwa, akawasikia wote wawili: “Mama mchukue wewe.” “Kwa nini mimi? Mchukue wewe.” Juzi aliwapigia kuwaarifu anakuja. Azhar alisema, “Vizuri.” Ummu alisema, “Vizuri.” “Karibu kwangu,” hakuna aliyesema.

Akainamisha chupa kwenye kikombe cha Edna. Yakatoka machicha.

— Kahawa imekwisha, mwanangu, — alisema. Akafunga chupa, akaenda kumwogesha mama wa watu.