Champion na Mbwa wa Tai

Pale Saint-Gilles, huku Ulaya, ukitoka stesheni ya Gare du Midi ukapandisha kidogo, kuna lavoir moja ambayo mashine zake za kufulia zinagonga kama watu wanatwanga majani ya sombe. Nje ya mlango pana benchi la mbao, na Jumamosi asubuhi benchi hilo lina wenyewe. Ukikaa bila kujulikana utasalimiwa vizuri sana, kisha utasukumwa kidogo kidogo hadi ujikute umesimama. Mwenye thermos ni Maman Mauwa wa Bukavu, anayetunza wazee na kufua mashuka yao, na kahawa yake inatoka kwao Kivu, haina mzaha. Jumamosi hiyo ya mwaka elfu mbili kumi na tisa thermos ilikuwa imefika nusu, na jina la mtu lilikuwa hatarini.

Jina lenyewe ni Champion. Mwenyewe ni Papa Donatien wa Lubumbashi, aliyelinda mlango wa jengo moja la ofisi karibu na Schuman tangu ana nywele mpaka hana. Jina hakulipata kwa ngumi wala kwa mpira. Alilipata kwa mchezo wa kompyuta, wa bure, wa kuchezwa humo humo ndani ya internet, ambamo garçon, mtumishi wa bistro, anapanda ngazi na sinia ya bia ghorofa kwa ghorofa, na wewe unamsawazisha kwa mishale ya kibodi asimwage. Papa Kabeya, aliyelinda mlango uleule zamu ya mchana, alikwama ghorofa ya arobaini. Donatien alisema yeye alifika juu ya paa. Na huko juu, alisema, walioagiza bia hawakuwa watu. Aliyeagiza ni mbwa aliyevaa tai.

Paa watu wangelisamehe. Mbwa ndiye aliyeharibu. Kabeya, ambaye kijiwe kinamwita Avocat, yaani wakili, kwa sababu hubishana hata na taa za barabarani, alikaa na huyo mbwa kooni miaka yote kama mwiba wa samaki. Jumapili iliyotangulia, kwenye karamu ya komunyo, mtu akamtambulisha Donatien kwa wageni kama Champion, na Kabeya akaweka kijiko chini. Akasema mbele ya watu wote kwamba Jumamosi mchezo uletwe benchini, mbwa aonekane. Asipoonekana, jina linarudi lilikotoka.

Wiki nzima Donatien alikula bila kusikia chumvi. Ni kweli, lilikuwa jina tu. Lakini Ulaya ilikuwa imemwita monsieur, imemwita gardien, imemwita namba ya badge. Hili peke yake alipewa na watu wake, na alilipenda. Basi Jumamosi akaja na kompyuta aliyonunuliwa na binti yake, akaifungua magotini, na kila ukurasa wa michezo ya zamani alioujaribu ulimwonyesha kitu kimoja: mraba wa kijivu, kipande cha puzzle katikati, na maneno kwamba Flash imezuiwa.

— Bon, akasema Kabeya. Mbwa iko wapi?

— Ngojea kwanza. Inasema inataka Flash.

Hapo akaingia Hamadi wa Kigoma, ambaye wanamwita Bongo. Huyu ana bahati moja: Mtanzania akitoa methali, Wakongomani hunyamaza kwanza, kwa heshima ya Kiswahili chake, hata kama methali yenyewe imepotea njia.

— Inataka flashi, mnaiangalia tu? Si muipe flashi! Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kwao Kigoma flashi ni kile kijiti cha kubebea mafaili, na nani hajui? Maman Mauwa akafungua mkoba, akachomoa chake kwenye funguo. Donatien akakichomeka. Kompyuta ikafikiri, ikafikiri tena, kisha kwaya ya parokia moja ya Bukavu ikalipuka na Gloria, ngoma na vigelegele, hadi mama mmoja Mreno aliyekuwa anakunja taulo ndani akatoka mlangoni na kupiga ishara ya msalaba. Mraba wa kijivu haukutikisika.

— Flash hii ni ya Katoliki, akasema Kabeya. Pengine mchezo ni ya Protestant.

Baada ya hapo kila mtu akawa fundi. Kabeya akaonyesha kile kipande cha puzzle, akasema ushahidi ndio huo: mchezo umekatwa vipande, kila nchi ya Ulaya imepewa chake, na kipande cha mbwa bila shaka kiko Luxembourg, Donatien aende akaombe. Maman Mauwa akakataa. Yeye anajua magoti ya wazee. Garçon ambaye anapanda ngazi tangu mwaka wa deux mille quatre, tena na sinia, atakuwa bado mzima? Huyo amekwenda pension, amewekwa maison de repos, nyumba ya wazee, na ule mraba ni pazia la chumba chake; amelala, wamuache. Hamadi akasoma kwenye simu yake, akakunja uso. Akatangaza kwamba Flash yenyewe ni mgonjwa mahututi, mwakani inazikwa rasmi, kwa hiyo kompyuta imeanza matanga mapema. Ndiyo maana imevaa kijivu. Arobaini ikipita itavua.

— Haraka haraka haina baraka, akamaliza.

— Donc Flash inakufa, akasema Kabeya polepole, akihesabu kwa vidole. Garçon iko maison de repos. Champion alikuwa na shahidi, témoin moja tu, témoin ni mbwa, na mbwa pia ni marehemu. Muniambie, tribunal gani itakubali?

Benchi zima likacheka. Donatien hakucheka. Alipojibu hakuinua sauti.

— Kabeya, minasema kweli, mi nilimuona. Tai ilikuwa bleu, ya mistari. Alikunywa bia yote, alafu akapanguza mudomo na ile tai.

Kicheko kikafa chenyewe. Maman Mauwa akamjazia Donatien kikombe, ingawa zamu haikuwa yake.

Ndipo akatokea dada mmoja na mfuko mkubwa wa nguo mgongoni, Graciella, mtu wa Goma, aliyehamia mtaa huo juzijuzi. Alisikia Flash ikitajwa, akatua mzigo. Akawaeleza taratibu kwamba Flash si kijiti wala si mgonjwa. Ilikuwa chombo cha kuendeshea ile michezo ndani ya internet, na sasa kinaondolewa kwa uzee. Lakini wako watu, huku na huku duniani, walioikusanya michezo ya zamani kwa maelfu na kutengeneza programu ya kuifungua bila kupitia internet. Yeye mwenyewe anayo, kwa sababu hakubali kuzeeka bila mchezo wake wa utotoni wa kuoka keki. Akatoa diski kwenye koti, akaiunga na kompyuta ya Donatien, na kioo kikajaa picha ndogo ndogo za rangi.

Donatien akajipiga paja. Kabeya akakunja miguu, akaikunjua.

— Bon, tonton, akasema Graciella, vidole viko tayari. Muchezo inaitwa aje?

Donatien akamgeukia Kabeya, Kabeya akamgeukia Donatien.

Kule kazini michezo ilikuwa marufuku. Wale walinzi wawili, wajanja wa Lubumbashi, waliubatiza ule mchezo Kazi. Asubuhi wakipokezana zamu, mmoja aliuliza, Kazi iko? Mwingine akajibu, Kazi iko, nimefika ghorofa trente-deux. Mkuu wao aliulizia maana ya hilo neno, akaambiwa, akawasifu mbele ya wenzao kwamba hajaona walinzi wenye moyo wa kazi kama hawa. Jina la kweli hakuna aliyelisoma.

Graciella akaandika Kazi. Hakuna. Akaandika garçon, na kwa kuwa Kifaransa hakitofautishi mtumishi na mvulana, ikaja mivulana ya kila aina: ya kuvalishwa suruali, ya kukimbia shule. Akauliza basi mchezo ulikuwa wa lugha gani. Donatien akasema Kifaransa. Kabeya akaapa ni Kiflamand.

— Jina jema hung'aa gizani, akasema Hamadi, na safari hii hata Wakongomani hawakunyamaza kwa heshima.

Donatien akasukuma kompyuta kando.

— Bon. Kamata ile jina ya Champion, Kabeya.

Kabeya hakunyoosha mkono. Alikuwa anaangalia zile picha, na uso wake wa mahakamani ulikuwa umemlegea.

— Na quarante yangu, ile arobaini? akauliza. Mi nitaionyesha nani?

Graciella akasema ipo njia moja tu, ndefu: michezo imepangwa kwa alfabeti, wafungue mmoja mmoja mpaka wamwone mtu mwenye sinia. Maman Mauwa akageuza thermos chini juu, likatoka tone. Kahawa ikiisha kijiwe hufungwa, ndiyo sheria, na mashine ya Kabeya ilikuwa imesimama zamani na mashati yake ndani. Lakini Kabeya akavaa miwani, akajiburuta na makalio mpaka bega lake likagusa la Donatien.

— Anza ku A.

Wa kwanza ulikuwa wa nyuki, abeille, anayebeba ndoo ya asali na kupita katikati ya matawi. Donatien akaweka vidole kwenye mishale. Ndoo ikayumba.

— Polepole, Champion, akasema Kabeya. Utaimwanga.

Na akainama zaidi, aone vizuri.